Randa ya Joachim

Hilda mwanangu,

Umetoka saa tisa kwenda Sinza kumuaga shangazi yako, na namjua dada yangu, hatakuachilia mpaka ule mara mbili. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa kwenye meza ya chakula, mama yako yuko uani anakupigia pasi magauni, na kila akipita hapa anauliza nimefika wapi. Nimemjibu nimefika kwenye "Hilda mwanangu." Akasema basi kesho gari litaondoka bado nipo hapo hapo.

Sitakuandikia habari za chandarua na kuchemsha maji. Hayo mama yako ameshakuhubiria wiki mbili, na vidonge vya malaria ameviweka kwenye mifuko mitatu tofauti, utadhani mnasafiri watu watatu. Mie nina jambo moja tu, na nimelizunguka miaka tisa. Kesho utasimama mbele ya kanisa wakuage, halafu mpande gari la kwenda Mtwara, na kutoka huko mvuke mto Ruvuma hadi nchi jirani. Kabla ya hapo lazima ujue kuwa ule ushuhuda wako wa Jumapili iliyopita, ule uliowaliza kina mama na kumfanya mchungaji avue miwani, haukuwa kweli. Wewe hukudanganya, ulisimulia ulivyosimuliwa. Mwongo ni mie baba yako.

Nitaiweka barua hii juu ya begi lako. Uisome asubuhi kabla hatujatoka, na usome yote, usiishie hapo ukaja kuniuliza mlangoni na kikombe cha chai mkononi.

Ulisimama pale mbele ukasema kwamba ulipokuwa kidato cha pili, shule ya bweni Masasi, baba yako alipatanisha nyumba mbili hapa Yombo. Kwamba kijana mmoja, Shukuru, aliiba randa ya umeme ya fundi mwenzangu Joachim, watu wakampiga mpaka wakamvunja mguu. Mama Shukuru na Joachim, wote washarika wetu, wakawa hawasalimiani, mpaka baba yako mzee wa kanisa alipowakalisha, wakapeana mikono, wakashiriki Meza ya Bwana pamoja. Na kwamba baba yako akamnunulia Joachim randa mpya ili pasibaki wa kunung'unika. Ukamalizia kwa kusema kazi ya amani uliijua nyumbani kabla hujaisoma chuoni. Vigelegele vikapigwa. Mie niliinamisha kichwa, na jirani yangu kwenye benchi akanipigapiga mgongoni akidhani nalia kwa furaha.

Halafu mlangoni nikakusikia unamwambia mchungaji kwamba huko mnakokwenda, siku ya kwanza mkikaa na watu, utaanza na hadithi hiyo. Tangu hapo, Hilda, chakula hakipiti.

Usije ukadhani ninachoogopa ni aibu peke yake. Naogopa kila kitu. Simu ya namba nisiyoijua ikiita nakaa chini kwanza ndipo napokea, na wewe hata hujaondoka. Nimekuwa mtu wa kwenda Mbagala kuwauliza madereva wa malori ya kusini barabara ikoje, kana kwamba wao ndio watakaokulinda. Uliniambia kwa utulivu kabisa, huku unamenya viazi, kwamba kijiji mnachokwenda watu waliokimbia vita wameanza kurudi, na kwamba waliochomewa nyumba na wale ambao watoto wao waliingia msituni na wachomaji, wote wanachota maji kisima kimoja. Ukasema mtakuwa saba, Wakristo wanne na vijana watatu wa msikitini, na kazi yenu ni kukaa na watu mpaka waweze kusemezana. Mie nilikuuliza kama huko kuna mtandao wa simu. Ndilo swali pekee lililonijia. Ukacheka, ukasema baba naye.

Basi nikafanya jambo jingine ambalo hulijui. Jumatatu nilikwenda kwa mchungaji nikamwomba afute jina lako. Nilimwambia presha ya mama yako imepanda vibaya na daktari amesema asipewe wasiwasi. Presha ya mama yako ni nzuri kuliko yangu. Mchungaji akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama wewe unajua nimekuja. Nikaanza tena habari ya presha. Akasema nirudi nyumbani nikafikiri vizuri ninaogopa nini hasa. Nilikasirika, nikaondoka bila kuaga. Nilikuwa nasema peke yangu barabarani, kijana mdogo yule, hana hata mtoto wa kuota meno, anajua nini habari ya kuogopa. Lakini nilipofika njia panda ya kwetu nikakaa kwenye gogo la muuza mkaa, na nikajua amesema kweli. Sehemu ya hofu yangu ilikuwa risasi na msitu. Sehemu nyingine ilikuwa kwamba ukienda utaisimulia ile hadithi kwa watu wanaoijua hali hiyo kuliko wewe, na mmoja wao atakuuliza swali rahisi tu: randa ilipatikana wapi?

Sasa sikia ilivyokuwa.

Wakati ule mie na Joachim tulikuwa tumepanga banda moja kule Keko. Yeye makochi, mie vitanda na milango. Randa ya umeme ilikuwa moja tu bandani, yake, na alikuwa anaifunika kwa kitenge ikimaliza kazi. Kuazima ulikuwa unaazima, lakini kwanza usikilize maelezo. Jumatano moja Joachim hayupo, kaenda msibani Kunduchi, nami nina mlango wa mninga wa mtu mwenye haraka. Nikaichukua bila kuuliza. Katika ule ubao kulikuwa na msumari nilioupigilia mwenyewe nikausahau. Randa ikaugonga, ikapiga kelele ya ajabu, ikatoa moshi, ikazima. Mdomo wa Joachim unaujua. Nikaifunga kwenye gunia, nikaipeleka Tandika kwa fundi anayesuka mota zilizoungua, akaniambia nirudi baada ya siku nne. Nikajiambia nitairudisha mahali pake kabla hajaiulizia, na siku moja nitamsimulia tukiwa tunacheka.

Joachim alirudi Ijumaa. Mie nilikuwa nimekwenda kupima dirisha la mteja. Akafunua kitenge, randa hakuna, na akigeuka anamwona Shukuru anatoka bandani na begi mgongoni. Shukuru alikuwa na miaka ishirini, anatengeneza simu kwenye kibanda cha jirani, na alizoea kuingia kwetu kuomba kipande cha msasa. Joachim akapiga ukelele wa mwizi. Keko unaijua saa ya mchana, mafundi, vibarua, wapiga debe, kila mtu ana kipande cha mbao karibu na mkono.

Nilipofika walikuwa wameshaanza. Nikauliza kuna nini, mtu akaniambia kaiba randa. Nilielewa pale pale. Najua utataka kunitetea, utasema labda baba hakuunganisha mambo kwa sababu ya vurugu. Niliunganisha. Nilikuwa nimesimama hatua kama sita kutoka kwake, na maneno yaliyotakiwa yalikuwa machache: randa nimeipeleka mie kwa fundi. Nilifungua mdomo nikaufunga. Niliona nikisema, zile mbao zitanigeukia mie. Kisha nikajiambia ngoja watulie kidogo. Hawakutulia. Begi lilimwagwa chini, zikatoka simu mbovu na chaja na mkate, kila mtu akaona randa haimo, na bado waliendelea, wakasema basi kaiuza.

Aliyemwokoa yule kijana ni Bi Mwanahawa, yule Mzaramo aliyekuwa anatuuzia wali maharage. Ulikuwa unampenda kwa ajili ya kachumbari yake. Alikuja mbio na mwiko mkononi, akajilaza juu ya Shukuru, kanga ikamvuka, akasema, "Haya, tupigeni wote wawili, nyie mnaoswali na nyie mnaosali." Wakaacha. Mguu ulikuwa umeshavunjika mahali pawili. Mie ndiye niliyesimamisha bajaji, nikampakata kichwa mpaka hospitali, damu yake ikakauka kwenye suruali yangu, na nyuma yangu nikasikia watu wanasema fundi huyu ana huruma sana.

Kwa yule wa Tandika sikurudi. Kama hajaiuza, randa iko kwake mpaka leo. Wiki ile ile nikaenda Kariakoo nikamnunulia Joachim mpya, kubwa kuliko ile, nikamwambia ni pole kutoka kwa mwenzake. Alinikumbatia mbele ya watu.

Sasa sehemu ya kanisani, ile uliyoisimulia kwa ufasaha. Desturi yetu unaijua: ukiwa na ugomvi na mwenzio huendi Mezani mpaka mzee wa jumuiya yenu aseme mmepatana. Mzee wa jumuiya yetu ni mie. Joachim na Mama Shukuru walikaa miezi miwili bila kushiriki. Kisha tukaambiwa askofu anakuja kutoa kipaimara, na mchungaji wa wakati ule, aliyehamishwa baadaye, akatuita wazee akasema hataki askofu akute watu wamebaki vitini. Tukagawana magomvi ya jumuiya zetu, nyumba kwa nyumba. Jumamosi moja, asubuhi, nikamaliza matatu. La tatu lilikuwa hili.

Walikaa hapa sebuleni. Joachim kwenye kochi la dirishani, Mama Shukuru hapa kwenye meza, kiti hiki nilichokalia sasa. Alikuwa anakwenda hospitali kumpelekea mwanawe uji, hotpoti bado iko mkononi. Joachim alikuwa tayari kwa lolote, kwa kuwa yeye aliamini kweli ameibiwa, na pia mguu wa yule kijana ulimuuma rohoni. Akaomba radhi kwa kipigo. Mama Shukuru akasema polisi haendi, fidia hataki. Anataka kitu kimoja. "Pasemwe kanisani kwamba mwanangu hakuiba," akasema. "Joachim aseme, au wewe mzee useme." Na alipokuwa anasema hakuwa anamtazama Joachim, alikuwa ananitazama mie.

Hilda, niliongea. Unajua nikianza kuongea. Nilimwambia msamaha hauna masharti, kwamba akishaweka sharti inakuwa biashara, kwamba kumtaka Joachim aseme hivyo ni kumwaibisha ndugu mbele ya askofu. Nikafungua Biblia nikamsomea, nikafunua mahali pengine nikamsomea tena. Halafu nikasema tuombe, nikaomba sala ndefu kuliko zote nilizowahi kuomba katika nyumba hii, na nilipofumbua macho alikuwa ameshanyoosha mkono. Nilifurahi. Nakuambia ukweli, nilifurahi, nikamwita mama yako alete chai. Mama Shukuru hakuinywa, alisema hotpoti inasubiriwa.

Kesho yake nikasimama nikatangaza wamepatana, kanisa likaimba.

Kilichofuata hukukiona kwa sababu ulikuwa Masasi, na mie nilipokusimulia likizo niliishia kwenye wimbo. Watu walianza kusema taratibu, bombani, saluni: kama mtoto hakuiba, mama yake angekubali haraka vile? Wengine wakasema mzee wa kanisa kamlipia randa, ina maana anajua. Sijui unanielewa. Ule mkono nilioutafuta ndio uliothibitisha wizi ambao haukuwapo. Shukuru alitoka hospitali na magongo, akafungua kibanda chake, na hakuna aliyempelekea simu, maana nani atampa mwizi simu? Alikaa pale asubuhi mpaka jioni akisikiliza redio. Nilikuwa napita pale, namsalimu, ananiitikia "Marahaba" na kuniuliza habari za nyumbani.

Umeona nilichoandika hapo? Nimekosea, yeye ndiye aliyekuwa ananipa shikamoo, mie naitikia. Nimeandika kinyume kwa sababu ndivyo nilivyokuwa najisikia mbele yake. Sitafuta.

Miezi michache baadaye akaondoka Dar. Mama yake akahamia Ukonga, akaacha kuja kwenye kanisa letu, nasi tukaandika kwenye taarifa ya jumuiya kuwa amehama makazi.

Kwa hiyo unaponiambia unakwenda kupatanisha watu, nina mambo mawili moyoni yasiyopatana, na siwezi kuyapanga vizuri, nitayaandika yalivyo.

La kwanza, watu huko watakupa mikono. Watakupa upesi sana. Utakuwa mgeni, mna gari, mna unga, na wao wamechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu ya kumkatalia mwenye Biblia. Kuna mama mmoja huko, simjui jina lakini yupo, atakuambia anataka kitu kimoja tu. Aonyeshwe walipomzika mumewe. Aambiwe nani alitaja jina la mwanawe. Tafadhali, akisema hivyo, wewe funga kitabu na usiombe. Kaa. Siku ikiisha hujapata majibu, mwambie hujapata. Na mkiwa kwenye kikao, mtazame anayeharakisha mambo yaishe. Pengine ana njaa tu, au ana safari. Lakini pengine yuko kama nilivyokuwa mie. Na ukijikuta wewe ndiye unayeharakisha, kwa sababu wakubwa wenu wanataka taarifa au kuna mgeni anakuja kupiga picha, basi mwanangu mkumbuke baba yako na kale kajumamosi kake ka magomvi matatu.

La pili linanitia aibu zaidi. Mie niliyenyamaza Keko, na nimeona kunyamaza kulivyofanya, nilipaswa kukuambia usinyamaze kamwe. Lakini nikikufikiria umesimama kati ya watu wenye bunduki na mtu fulani chini, ninachotaka ni unyamaze, urudi nyuma, uingie kwenye gari. Bi Mwanahawa alikuwa na watoto wanne nyumbani na hakufikiri. Mie sitaki usifikiri. Nataka uwe mwoga kidogo, Mungu anisamehe. Nimejaribu tangu Jumatatu kuipata sentensi ya kukuambia inayoweka mambo haya mawili pamoja, na sijaipata. Mama yako anasema hakuna, nikuache uende. Yeye nilimwambia yote Jumanne. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua mpaka ukaisha, kisha akasema, "Mtoto mwambie wewe mwenyewe. Mie sitakusaidia kwa hili." Tangu siku hiyo ananipa chakula, ananiuliza hali, lakini kwenye mkeka wa uani anakaa upande wa pili.

Alhamisi nilikwenda Ukonga. Niliuliza uliza mpaka nikaelekezwa. Mama Shukuru anauza mkaa na vitumbua, kazeeka, lakini alinitambua kabla sijabisha. Akanipa kigoda. Nikamweleza tangu msumari mpaka Kariakoo, na nikaona haonyeshi mshangao wowote. Nilipomaliza akageuza kitumbua kilichokuwa kinaungua, akaniambia alikuwa anajua.

Yaani Shukuru alimwambia mamaye siku ile ile, hospitali. Alikuwa chini anapigwa, ananiona miguu na uso, na aliona nataka kusema kitu. Hakujua ni nini, lakini aliona. "Nilikuja kwako ile Jumamosi nikakupa nafasi," Mama Shukuru akasema. "Nilisema, huyu ni mzee wa kanisa, nikimwuliza mbele ya mwenzie atasema. Ukanisomea mistari."

Nikaanza kupiga magoti pale kwenye vumbi la mkaa, niombe msamaha, na yeye akanizuia. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayemzuia mtoto asiguse sufuria. Akasema nisimwombe msamaha jikoni kwake tukiwa wawili. Waliosikia ya kwanza wasikie na ya pili, ndipo yeye aone kama ana la kunijibu. Nikamwambia nitasema Jumapili, nikamwomba aje, hata nauli nilikuwa nimebeba. "Siji," akasema. "Yale ya kwamba mwanangu ni mwizi yalinifikia bila mie kuwapo. Na hayo yatanifikia." Shukuru yuko mbali, ana mke na mtoto wa kike, anatengeneza simu. Ni hayo tu aliyoniambia. Mkoa gani hakusema, na namba hakunipa.

Jana nikaenda kwa Joachim. Alikuwa anapiga randa mbao za kochi kwa ile mashine niliyomnunulia Kariakoo. Alinisikiliza huku mashine inanguruma, sijui kama alisikia mwanzo. Kisha akaizima, akachomoa waya, akaizungushia ule waya vizuri kabisa, akaniwekea mikononi. Akaniambia niende nayo. Mie nilitegemea matusi, Joachim mwenye mdomo ule, na hakuna hata moja lililotoka. Yeye alimpiga Shukuru kwa mkono wake, akafikiri miaka tisa yote kuwa alimpiga mwizi, na mie ndiye niliyemwacha afikiri hivyo.

Kwa hiyo kesho, Hilda, kabla hamjaitwa mbele nyie mnaosafiri, nitasimama mie. Mchungaji nimemwambia, safari hii amenipa chai. Nitasema Shukuru hakuiba, nitasema randa ilikuwa wapi na nani aliipeleka, nitasema nilimkatalia mama yake neno lake moja, halafu nitakaa. Uzee wa kanisa wataniondoa, na ni sawa. Mama yako atakaa kwenye kwaya ya kina mama watu wanamtazama, na hilo ndilo linaloniumiza. Na nitakuharibia siku yako. Nilifikiri nisubiri uondoke, niseme Jumapili ijayo ukiwa umeshavuka. Lakini ungekwenda na hadithi yangu mdomoni, ukaitoa mbele ya wale watu, na ningekuwa nimefanya tena jambo lile lile, safari hii kwa mtoto wangu.

Mchungaji alipanga mie ndiye nikuwekee mikono kichwani wakati wa kuombewa, kama baba na kama mzee. Nimemwambia amtafute mwingine.

Kuna jambo moja ninaloliogopa kesho kuliko macho ya watu. Nakujua. Una moyo mwepesi kama wa bibi yako. Nitakapomaliza utanyanyuka pale ulipo, utakuja na machozi, utanikumbatia mbele ya kanisa zima na kusema baba nimekusamehe, na watu wataimba, na gari litapiga honi. Nakuomba usifanye hivyo. Itakuwa Jumamosi ile ile. Hujapata hata siku moja ya kunikasirikia. Kaa kitini. Kama una swali, uliza pale pale mbele ya wote, nitakujibu, na kama huna, panda gari na wenzio.

Mkono wa kuagana nitaupokea ukinipa, maana mie ni baba yako na sitaweza kuukataa. Ule mwingine, wa kusamehe, usinipe kesho. Nenda nao huko, kaa na wale watu, wasikilize, unikasirikie kadiri utakavyoona, kisha utanipa au utaninyima mwenyewe, uso kwa uso, hapa mezani. Sitaupokea kwa simu wala kwa barua, wala mtu asiniletee salamu zake. Kwa hiyo itabidi urudi.

Baba yako